Nguchiro wa Mama Tshiala

Tshiala alifika Kamina mwaka wa 1992, akiwa na miaka minane, ndani ya behewa la mizigo pamoja na Wakasai wengine waliofukuzwa Likasi na makundi ya wenyeji kwa sababu ya kabila lao. Mama yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakashushwa kituoni, treni ikaondoka bila wao. Hawakupanda nyingine. Baadaye aliolewa na Maurice, fundi wa reli, akatulia. Ila kelele za watu wengi wanaokuja pamoja hakuzizoea kamwe.

Miaka mitatu iliyopita alifungua chumba cha michezo mbele ya nyumba yake: televisheni moja nzito ya zamani, paneli ya sola, na mashine ya jeu, yaani ya michezo ya tele, aliyoletewa na kaka yake kutoka Lubumbashi. Kaseti zake zote za michezo ziliharibika isipokuwa moja, ya nguchiro mwenye mkanda wa njano anayeruka mashimo na kukanyaga nyoka. Akikosea hugeuka moshi, moshi unapanda juu, anaanza upya. Watoto hawakumchoka. Tshiala mwenyewe alicheza kila asubuhi kabla ya kufungua, kitenge begani, na mtaa mzima hakuna aliyemfikia.

Jumamosi moja alasiri alikuwa anacheza Élisa, binti wa miaka kumi na mmoja wa jirani yake Lucienne. Nguchiro alikufa, kioo cha tele kikamemeta kwa mwanga mweupe. Élisa akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Tshiala alimlaza kwa ubavu na kumshikilia kichwa. Watoto wengine walishatoka mbio wakipiga kelele kwamba nyoka wa ndani ya tele amemuuma. Lucienne alikuja, akambeba mwanawe, akaondoka bila kumtazama Tshiala usoni.

Kesho yake kanisani, benchi la Tshiala lilibaki na yeye peke yake. Jumatatu kwenye pampu ya maji wanawake walivuta vidumu vyao kando alipofika, kisha mmoja akasema bila kugeuka, "Ule moshi iko roho ya batoto. Ile mashine inakula."

Alirudi na kidumu nusu. Maurice alikuwa Kaniama akitengeneza reli, simu yake haipatikani. Tshiala aliitia mashine ndani ya mfuko akaipeleka chooni aitupe. Akasita: wakiikuta humo watasema alikuwa anaficha. Akairudisha mezani.

Jumanne alasiri aliwasikia. Mwanzoni ilikuwa kama mvua inayokuja kwenye mabati ya mbali. Halafu akasikia jina lake.

"Muchawi! Toka inje!"

"Rudisha roho ya mutoto!"

"Rudi kwenu Kasai!"

Jiwe liligonga bati. Harufu ya petroli ikapenya chini ya mlango. Tshiala aliingia chini ya meza, akajiziba mdomo kwa kitenge ili asisikike akipumua.

Ndipo sauti ya Lucienne ikapaa. "Muache! Muniue minyi kwanza! Ule mutoto anaanguka tangu iko na miaka ine. Minyi njo nilificha. Niliogopa mutasema iko na pepo, mumufunge kamba!"

"Uko nadanganya," mwanamume mmoja akasema.

Élisa, aliyekuja na mama yake, akajibu mwenyewe. "Nilianguka ku masomo. Nilianguka Mulongo kwa mama mukubwa. Kule hakuko jeu."

Nyayo zikaanza kusogea mbali. Waliondoka wachache wachache, bila aliyeomba radhi.

"Mama Tshiala, fungula. Ni minyi," Lucienne aliita mlangoni.

"Bameenda?"

"Bameenda."

"Bote?"

"Bote."

Tshiala alifungua mlango. "Siku tatu, Lucienne. Siku tatu ulinyamaza."

"Niliogopa."

"Na minyi je?"

Lucienne alimvuta, wakaketi sakafuni. Alikaa naye hapo mpaka giza lilipoingia.

Sasa Élisa anameza vidonge vya kifafa alivyopewa zahanatini kila asubuhi na haanguki sana. Muuguzi alimkataza mwanga unaomemeta, kwa hiyo hukaa nje chini ya dirisha, wenzake wakimsimulia nguchiro amefika wapi. Wateja wamebaki wanne, watano. Tshiala hachezi tena. Anasema anahitaji masikio yake yasikie barabarani. Mechi ya mpira ikiisha na watu wakipita barabarani wakiimba, yeye huzima tele, huwatoa watoto kwa mlango wa nyuma ambao Maurice alimtobolea, na husimama hapo, mkono kwenye komeo, mpaka nyimbo zipotee upande wa kituo.