Picha Isiyo na Stelingi

Mimi picha isiyo na bunduki siiwezi. Jumapili ile, baada ya misa, mvua ilituingiza mimi na mama kwenye kibanda cha video kijijini Mbuba. Tukakuta picha si ya Kimarekani, ni ya Irani: mwanamke anachambua dengu mlangoni akimngoja mumewe aliyekwenda vitani, basi! Nikahama benchi mara tatu. "Stelingi yuko wapi?" nikafoka.

Mtafsiri wa kibanda, aliyezoea picha ambazo stelingi lazima arudi, akatubunia kwenye kipaza sauti: "Vumilia dada, mumeo kesho anafika!" Tukashangilia.

Mama, aliyenibeba mgongoni kutoka Burundi akikimbia vita, akasimama, akamgeukia mtafsiri. "Mwanangu, usimdanganye. Mimi niliambiwa hivyo hivyo kambini Lukole."

Akaketi, akaukazia macho mlango wa yule mwanamke, kama anavyoukazia wetu kila jioni.