Kaniki za Katuni Mpya

Hapa Ufukoni hatusubiri matangazo ya katuni. Mwandishi wetu wa katuni ana tabia moja inayomuumbua: hachori nguo asiyoiona. Kabla hajaanza mfululizo mpya huja kibandani kwangu nimshonee nguo za wahusika wake, akamvisha yeyote atakayekubali, ndipo anakaa na kalamu. Fundi wake ni mimi. Alipoagiza koti lenye mifuko mpaka mgongoni, wateja wangu walisema anakuja mwizi wa korosho. Kweli mwizi akaja, na mtaa mzima ukamsoma.

Safari hii aliagiza kaniki mbili zipindwe, na mikanda ya shanga mipana. Nikamuuliza ni za nani.

"Dada, wewe shona tu," akasema. "Hii sijaitangaza."

Basi kibandani ubishi ukaanza. Muuza samaki akasema ni hadithi ya mganga. Mama mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe akasema kaniki ni msiba, mtu atakufa ukurasa wa kwanza. Mimi niliendelea kukanyaga cherehani yangu, lakini roho haikutulia. Kaniki na shanga zikienda pamoja, mwanamke wa kwetu anajua zinaelekea wapi. Zinaelekea unyagoni.

Na huko ndiko aliko mama yangu. Mama anaishi Mahurunga, naye ni kungwi. Wanawake wengi wa kule wamepita mikononi mwake. Anayomfundisha mwali ndani hayatoki nje, na mwanamume, hata awe mwanawe wa kumzaa, haulizi. Ila siku hizi mama amekuwa msahaulifu. Anatia chumvi mara mbili. Wakati mwingine ananiita jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mtu wa hivyo, ukimkalia kwa maneno matamu, atakupa chochote. Na mambo ya unyago yakichapishwa, tena na picha, makungwi wenzake hawatamwita tena ngomani. Atabaki mzee wa kuangaliwa asianguke, na ninavyomjua, hilo litammaliza kabla ya maradhi.

Nikaanza kumchunguza yule bwana wa katuni. Siku moja alipita na mfuko wa mchele mpya, kama ule wa Mahurunga, suruali imejaa vumbi. Nikamuuliza katokea wapi. "Mashambani," akajibu. Mashamba ya nani, hakusema. Sikupenda alivyojibu haraka, wala alivyonisifia mshono ambao hata hakuwa ameutazama.

Jioni hiyo nikampigia mke wa kaka yangu, anayeishi na mama.

"Wifi, kwani hujui?" akasema. "Mama ana mgeni wake kutoka mjini. Anakuja na sukari na sabuni, anamwita 'mke wangu'. Kesho kutwa anakuja tena."

Kumwita bibi mke ni utani wa mjukuu, hakuna anayekatazwa. Lakini mjukuu wa nani huyu? Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikimshonea hizo nguo kwa mikono yangu. Nilikasirika mpaka nikakata kitambaa cha mteja vibaya.

Siku hiyo ilipofika nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilisema nitamfukuza mbele ya majirani, na sukari yake nitammwagia mlangoni.

Niliwakuta nyuma ya nyumba, mkekani. Mama alikuwa anaimba kwa sauti ya chini huku akipiga makofi polepole, na yule bwana ameinama anaandika mbio. Nikasimama pembeni ya ukuta, nikasikiliza ni wimbo gani wanaotuharibia.

Ulikuwa wimbo wa kutwanga muhogo. Kila mtoto wa Mahurunga anaujua, wa kike na wa kiume.

Nikajitokeza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika?" Akamgeukia yule bwana. "Mume wangu, tupishe kidogo. Kakae mbele."

Bwana akanitazama mara moja tu, akakusanya makaratasi yake, akaenda kukaa kizingitini. Mama akanivuta ndani, akashindika mlango, akaanza kucheka kimyakimya mabega yakimtikisika.

"Yule ananichimba," akasema. "Anataka mambo ya ndani. Nimempa nyimbo za kutwanga, nimempa za kubembeleza watoto, yote anaandika. Mwache akachore."

Nilicheka nikamshika mikono. Sijui lini nilifurahi vile. Mama yangu alikuwa mzima, mjanja kama zamani, na mimi na wasiwasi wangu wote tulikuwa wajinga. Kwa furaha ile nikamwambia, "Nami nilidhani umempa ule wa mwali kutolewa nje," nikaanza kuuimba taratibu sikioni mwake.

Kiganja chake kikaniziba mdomo.

"Nani kakufundisha huo?"

"Wewe, mama. Humuhumu ndani."

"Mimi?" Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyekutwa anachungulia dirishani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Wewe bado hujachezwa unyago. Siku yako ikifika, mama yako atakuleta kwangu, nitakufundisha vizuri. Usiwe na haraka. Sasa toka, ukakae na mwenzio. Ya humu si yako."

Nilitaka kubishana naye. Nilitaka kumtajia mwaka, na shangazi waliokuwepo, na khanga niliyovikwa. Lakini alikuwa ameshafungua mlango, amenishika bega kwa upole, na anaingoja siri yake iwe salama.

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikakaa kizingitini kando ya mtu niliyekuja kumfukuza. Nililia mbele yake waziwazi, wala sikujali kama atanichora.