Treni Iliyopiga Risasi Angani

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka huu, nilipoteza sauti ya kaka yangu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka jana, na kifo chake nilikuwa nimeanza kukizoea. Hili la sauti lilifanywa na mtu ninayemjua.

Tulikulia Makongeni, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa karani wa reli. Mkubwa wake mmoja alipokuwa akirudi kwao ng'ambo alimwachia kompyuta ndogo, kibodi tupu, ambayo tuliichomeka kwenye televisheni. Gemu zake zilikaa kwenye kaseti za kawaida, kama zile za nyimbo. Uliunganisha redio ya kaseti kwa waya, ukabonyeza, kisha ukasubiri huku redio ikilia kama bati linalokwaruzwa. Iliponyamaza, mbingu nyeusi ilitokea kwenye kioo, na vyombo vya wageni kutoka nyota nyingine vikaanza kushuka kwa safu. Kazi yako ilikuwa kuvipiga kabla havijagusa ardhi.

Mimi sikuwa na subira. Niligusa kibodi kabla redio haijanyamaza, yote yakaharibika, tukaanza upya. Kaka aliniita adui wa dunia.

Alipochoka na gemu za watu akatunga yake. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa na kijitabu kilichokuja na mashine na ukaidi wa nyumbani kwetu. Mimi nilimchorea picha kwenye karatasi za miraba, yeye akazigeuza kuwa namba. Katika gemu hiyo, cha kuvipiga vyombo vya wageni hakikuwa mzinga. Ilikuwa treni, ikienda mbele na nyuma kwenye reli chini ya kioo, ikivipiga vyombo hivyo risasi kwa bomba lake la moshi.

"Mbona treni?" nilimuuliza.

"Kwani wewe una roketi? Sisi ni watu wa reli."

Mwanzoni mwa gemu aliandika majina mawili, lake na langu. Na kwa kuwa karatasi za majina kwenye kaseti zetu zilibanduka ovyo, alikuwa na desturi ya kusema kwanza kwenye kaseti, kisha ndipo anahifadhi gemu baada ya maneno hayo. Kwenye ile ya treni alisema: "Hii ni ya treni. We dada, usiguse kitu mpaka inyamaze. Nimesema usiguse!" Nyuma yake Mama alisikika akicheka. Hakuna mahali pengine sauti ya kaka ilipobaki. Hakupenda kurekodiwa kwa simu, na hatukujua kwamba tungeihitaji.

Alikuwa na rafiki mmoja kutoka mtaa wa Baba Dogo aliyekuja kila wikendi kucheza. Alikula kwetu, Mama alimgombeza kama wa kwake, na mimi aliniita sista. Hata walipozeeka hawakuachana.

Kwa desturi ya kwetu magharibi, siku chache baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa nywele, na vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya wote. Shangazi ndiye aliyegawa. Koti lilikwenda kwa binamu, viatu kwa mjomba. Alipofika kwenye kompyuta na kaseti aliniangalia. Mimi nilisema apewe rafiki, kwa sababu yeye peke yake aliweza kuiwasha. Shangazi akatukumbusha sheria: ukishapewa siku hiyo, hakuna wa kukuomba urudishe. Yule rafiki alilia. Akaniambia, "Sista, siku yoyote ukitaka kumsikia, njoo kwangu."

Sikwenda. Nilikuwa naogopa kumsikia mapema.

Kisha binti yangu akanionyesha kwenye simu tangazo la maonyesho ya mashine za zamani, kwenye ukumbi wa mtaa karibu na Jogoo Road. Niliitambua kompyuta yetu kwa ufa wake wa pembeni. Nikavaa vizuri, nikaenda.

Vijana walikuwa wamepanga foleni. Rafiki alikuwa mezani, hakuniona. Akaweka kaseti, akabonyeza. Nikasogea kusikiliza. Hapakuwa na neno. Ulianza mlio moja kwa moja.

Gemu ilipotokea, juu ya treni palikuwa na jina moja tu. La huyo rafiki.

"Manze, buda, mbona treni?" kijana mmoja akamuuliza, akimwita mzee kwa Sheng.

"Baba yangu alikuwa mtu wa reli," alijibu. "Nilikulia kwenye hizo nyumba."

Sauti yangu ikanitoka kabla sijaipanga. "Baba yako alikuwa anaendesha lori la mchanga."

Watu wakacheka. "Buda, umeshikwa!" mmoja akapiga kelele. Yeye akageuka, akanishika mkono, akanipeleka nje.

"Niaje, sista. Ungenipigia tu."

"Majina yetu yako wapi?"

"Nilibadilisha kitu kidogo. Watu wanataka kumwona aliyetengeneza, na yeye hayuko."

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

Nilimtazama. Nikaona wakati alipokumbuka. Macho yake yalishuka kwenye viatu vyake.

"Nilitaka waone kaseti yenyewe ikifanya kazi," alisema. "Sasa, nilipohifadhi upya, nilirudisha kaseti mpaka mwanzo kabisa. Nikaanzia pale."

"Juu yake."

"Juu yake. Sikufikiria, sista."

"Uliweka nakala?"

"Ya gemu, ndiyo."

Ya maneno hakuweka. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimempa mtu aliyekula sahani moja na kaka yangu kitu ambacho ningeweza kukiweka tu kabatini, bila kuwasha chochote, nacho kingekuwepo mpaka leo.

Aliingia ndani, akarudi na kaseti. Mle ukumbini vijana walilalamika.

"Chukua, sista. Hata kama Shangazi alikataza."

"Ni yako. Jina lako ndilo liko ndani."

Alibaki ameninyooshea kaseti. Mtu akamwita kutoka ndani kwamba foleni imesimama. Akaniambia nisubiri kidogo, akarudi ndani nayo. Nilisubiri. Hakutoka.