Antoni Kalinga na Farasi Aliyekataa Daraja

Antoni Kalinga hakuwa mlevi, na jambo hilo ndilo lililowachanganya majirani baadaye walipotafuta sababu. Huku Igowole, msimu wa ulanzi, mwanamume akimpiga mkewe watu husema ni pombe, kisha wanaendelea na palizi yao. Kwa Antoni hawakuwa na hilo la kusema. Alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, mtu wa sauti ya chini, na katika shamba la ng'ombe alikofanya kazi hakuna aliyewahi kumwona akimwinulia mnyama fimbo.

Kazi yake ilikuwa usaisi, kutunza farasi. Shamba lilikuwa la mzungu mmoja mjane, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miluzi kwa sababu mbwa na farasi aliongea nao kwa mluzi, na watu aliwapa maneno machache tu. Alikuwa na ng'ombe mia tatu na farasi wanne wa kuwachungia. Antoni aliingia pale akiwa kijana wa kufagia mabanda. Kufikia mwaka 1974, akiwa na miaka thelathini na minne, yeye ndiye aliyewalisha farasi wote, akawachonga kwato, akawafundisha kazi.

Mwaka huo wazungu wenye mashamba upande wa Iringa walipanga mashindano ya farasi wa kazi, yafanyike mwanzoni mwa Oktoba. Hayakuwa mashindano ya mbio. Farasi alitakiwa kupita katika mambo anayokutana nayo shambani: mpandaji afungue lango na kulifunga bila kushuka wala kuliachia mkono, azunguke mapipa pasipo kuyagusa, arudi kinyumenyume kati ya boriti zilizolazwa chini na kukata kona, achukue kikombe cha maji juu ya pipa moja akakiweke juu ya jingine, na mwisho avuke daraja la mbao. Bwana Miluzi mwenyewe alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia na hakuweza tena kupanda.

"Utapanda wewe," alimwambia Antoni. "Na Manyunyu."

Manyunyu alikuwa farasi jike wa kijivu, rangi ya ile mvua nyembamba ya Mufindi isiyonyesha wala kukatika. Alikuwa na akili kuliko wenzake watatu. Lakini alipokuwa mdogo, mbao za kivuko kimoja zilivunjika chini yake, mguu ukanasa, akakaa hapo nusu siku mpaka walipopita wachungaji. Tangu hapo angeweza kuruka mtaro, angeweza kuingia mtoni mpaka maji yamfike tumboni, ila ubao hakukanyaga.

Walianza Juni, kwenye baridi ya kukatika vidole. Lango alilijua kwa wiki mbili. Antoni alimfundisha kusogea ubavuubavu, hatua moja, asimame, hatua nyingine, mpaka mkono wa mpandaji ufike kwenye komeo bila kujinyoosha. Mapipa yalimchukua siku chache. Kurudi nyuma kulikuwa kugumu zaidi, maana farasi haoni anakokwenda. Inabidi aamini goti la aliye juu yake. Kufikia mwisho wa Julai aliweza kurudi kati ya boriti na kukata kona bila kugonga hata moja, masikio yake yote mawili yamegeuzwa nyuma yakimsikiliza Antoni.

Daraja likabaki.

Bwana Miluzi alikuja na mkongojo wake, akaangalia farasi akikataa mara tano. Mara ya sita Manyunyu alisimama kwa miguu ya nyuma na Antoni akaangukia bega.

"Usimpige," mzungu alisema. "Ukimpiga hapa hata mara moja, kwake daraja na fimbo vitakuwa kitu kimoja."

"Sikuwa na nia ya kumpiga, Bwana."

Na kweli hakuwa nayo. Alichukua ubao mmoja, akauchimbia ardhini mpaka ukawa sawa na udongo, akaufunika majani. Akampitisha farasi hapo kwa mguu, yeye mwenyewe akitangulia, siku nne. Siku ya tano akapunguza majani. Akaongeza ubao wa pili. Baada ya hapo akauinua ule wa kwanza kwa kimo cha kidole. Kila siku alisimama na Manyunyu mbele ya mbao zile, hatamu ikiwa imelegea mkononi, bila kuvuta, akimwacha anuse na kufikiri. Siku nyingine walisimama hivyo tangu asubuhi mpaka jua la saa sita, na farasi hakukanyaga, na Antoni akamrudisha bandani akamsugua mgongo kana kwamba amefanya kazi kubwa. Wafanyakazi wenzake walimcheka, wakamwambia anachumbia. Yeye aliwajibu, "Anaogopa. Mwenye kuogopa hasukumwi."

Maneno hayo mkewe aliyasikia. Yalimfikia kisimani, kwa wanawake waliosikia kwa waume zao, wakiyasema kwa kumsifu.

Mkewe aliitwa Matilda. Walikuwa wakiishi mwendo wa saa moja kutoka shambani kwa mzungu, kwenye mteremko ambao Antoni alirithi kwa baba yake, wao na binti yao Benedicta, mwenye miaka mitano. Kabla ya Benedicta walikuwa na mtoto wa kiume, Philbert, aliyekufa kwa surua akiwa anaanza kuunganisha maneno. Walimzika nyuma ya nyumba. Matilda alipalilia kaburi lile kama anavyopalilia maharage yake, hakuliacha liote nyasi hata wiki mbili.

Nyumbani Antoni hakuwa na maneno mengi. Alirudi amechoka, na uchovu huo ulikuwa na ubaya wake. Chakula kikichelewa kwa sababu kuni ni mbichi, alimpiga Matilda kofi moja akaketi kusubiri kile chakula. Mtoto akilia wakati yeye amelala, mama yake ndiye aliyeulizwa kwa mkono. Hakupiga kelele. Hakuna jirani aliyewahi kusikia kitu.

Septemba ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Balozi wa nyumba kumi, mzee Fanueli, alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba kila mmoja ameshapimiwa kiwanja chake karibu na barabara. Lori lingepita mteremko wao siku ya Jumatatu kubeba mizigo, nao wawe wameshaezua paa na kutoa mlango.

Jumatatu ile zilibaki siku sita kufika mashindano. Manyunyu alikuwa ameanza kuweka miguu ya mbele juu ya daraja la kweli, lililoinuka kimo cha goti. Antoni aliomba ruhusa ya nusu siku tu. Alidhani atapakia vitu alfajiri na saa nne atakuwa amerudi kwa farasi.

Alipofika nyumbani kutoka shambani alimkuta Matilda ameketi kizingitini, hajafunga hata sufuria.

"Mama Benedicta, lori liko kwa jirani."

"Nimelisikia."

"Sasa umekaa?"

"Mimi sihami leo," Matilda alisema. "Niache kwanza. Nataka baba paroko aje amwombee Philbert, tumuage. Kesho kutwa nitakuja kwa miguu na mzigo kichwani. Nyinyi tangulieni."

"Kesho kutwa hakuna lori. Na mimi sina kesho kutwa. Nina kazi."

"Kazi yako naijua. Kaifanye. Mimi niache."

Alimwambia ainuke. Hakuinuka. Alimvuta mkono, naye akashika mwimo wa mlango. Hapo Antoni alifungua mshipi wake. Alimpiga mabegani na mgongoni mpaka vidole vikaachia mwimo, na Benedicta alikuwa amesimama uani na kuku mikononi aliyeambiwa amshike. Lori lilipofika Matilda alikuwa ndani yake kabla ya magodoro, amejifunika kanga usoni. Utingo aligeuka akatazama upande mwingine. Mzee Fanueli aliona pia, akasema tu kwamba nyumba zilizobaki ni tatu.

Saa nne na nusu Antoni alikuwa mbele ya daraja na Manyunyu, hatamu imelegea mkononi. Siku ile farasi alivuka kwa mara ya kwanza, kwato zikilia juu ya mbao moja baada ya nyingine. Antoni alimkumbatia shingo akalia.

Iringa walikwenda kwa lori la ng'ombe. Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, upepo ukipeperusha vumbi. Wapandaji wengine saba walikuwa wazungu, vijana wa mashambani na mama mmoja. Lango lao lilikuwa zito kuliko lile la mazoezi, lakini Manyunyu alisogea ubavuubavu kama mtu apitaye kwenye viti kanisani. Alizunguka mapipa kwa mwendo wa matiti, mbio ndogo za kudundadunda. Kikombe hakikumwagika. Alirudi nyuma, akakata kona, akasimama. Mbele ya daraja masikio yalisimama, na Antoni hakumgusa kwa kisigino; alimngoja kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kunong'ona. Kisha farasi akashusha kichwa, akanusa, akavuka.

Walipata nafasi ya kwanza. Kikombe cha fedha kilikwenda kwa Bwana Miluzi, kwa kuwa farasi ni wake, na Antoni alipewa blanketi zito la sufu, jekundu. Mama yule mzungu alikuja kumshika mkono akamwambia kwa Kiswahili chake kwamba hajaona maishani mtu mwenye subira kama yeye.

Alifika kijiji kipya Jumatatu jioni na blanketi begani. Kwenye kiwanja chao alikuta nguzo zimesimama, magodoro chini ya turubai, sufuria zimepangwa. Jirani mpya alimwambia Matilda aliondoka Jumamosi na mtoto, na nguo zake tu.

Kaka yake Matilda, Liberatus, alikuwa fundi seremala Mbeya, katika mtaa ambao sasa unaitwa Soweto. Antoni alipata basi Mafinga wiki iliyofuata. Liberatus alimkaribisha vizuri, akampa kiti na chai, akamwita dada yake, kisha akasema, "Shemeji, mimi ni mwanaume, najua nyumba zina mambo. Sitaki kuamua. Sema naye mbele yangu."

Antoni alisema alikuwa amekosea. Alisema siku ile ilikuwa na haraka. Alisema nyumba mpya imeshaezekwa, na amemletea blanketi.

Matilda alilitazama blanketi, hakulipokea.

"Baba Benedicta," alisema, "yule farasi alikataa kuvuka kwa muda gani?"

Antoni alilikunja blanketi upya.

"Nakuuliza. Watu wa kisimani walikuwa wakihesabu."

"Miezi miwili," Antoni alisema. "Na kidogo."

"Ulimpiga mara ngapi?"

Liberatus aliangalia mikono yake. Nje mtu alikuwa akipiga randa ubao.

"Mimi nilikataa siku moja," Matilda alisema. "Nilikuomba siku mbili za mtoto wetu. Kama ungekuwa mtu asiyejua kusubiri, ningesema ndivyo Mungu alivyokuumba, ningekaa. Lakini wewe unajua. Nimesikia kwa watu unavyojua."

Antoni alirudi Igowole na blanketi lake.

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona ni toba. Kila mwisho wa mwezi, kwa mwaka mzima, alipanda basi kwenda Mbeya, akaketi kwenye benchi nje ya karakana ya Liberatus tangu asubuhi mpaka basi la kurudi. Hakumlazimisha Matilda atoke. Hakuingia ndani asipoitwa. Alileta mahindi, maharage, mara moja jogoo. Matilda alipokea chakula kwa ajili ya mtoto na kurudi jikoni. Mwishoni mwa mwaka huo, mvua zikiwa zimeanza, alitoka akasimama mbele yake.

"Antoni." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Benedicta azaliwe. "Acha kunisubiri hivyo. Najua unachofanya. Unaniachia hatamu ili nivuke mwenyewe. Mimi sivuki. Nenda ukaishi."

Miezi ile ile ya mvua ugonjwa wa farasi uliingia shambani. Manyunyu alianza kukohoa asubuhi, povu likatoka puani, na siku ya pili jioni akafa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Antoni. Wafanyakazi walimpa pole kama mtu aliyefiwa na ndugu. Alizipokea, na aliona aibu kuzipokea, kwa sababu alikumbuka kwamba alipozikwa Philbert yeye alirudi kazini siku hiyo hiyo.

Bwana Miluzi aliuza ng'ombe mwaka 1976 akaenda kwao. Antoni akapata kazi ya ulinzi kwenye mashamba ya chai. Hakuoa tena, ingawa dada zake walimtafutia, na hakumpiga tena mtu yeyote, lakini hakukuwa na mtu nyumbani kwake wa kumpiga.

Mwaka 1979 Liberatus alimwandikia barua kwamba Benedicta atapokea komunyo ya kwanza. Alikwenda na suti ya kuazima. Alikaa benchi la nyuma kabisa, akamwona binti yake akipita na wenzake, amevaa nguo nyeupe, mrefu kuliko alivyotarajia. Baada ya misa Matilda mwenyewe alimleta. Matilda alikuwa amenenepa kidogo, na alimsalimia Antoni kwa adabu, kama mtu wa parokia nyingine.

"Shikamoo, baba," Benedicta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umependeza."

Shela ya mtoto ilikuwa imeteleza upande mmoja. Antoni aliinua mkono amrekebishie. Benedicta alijikunyata haraka, kiwiko kikapanda kufunika uso, macho yamefumbwa.

Ikawa kwa nukta chache tu. Kisha mtoto akafumbua macho, akashusha kiwiko, akaona haya mbele ya wenzake. Matilda akaiweka sawa ile shela, akasema chakula kiko tayari nyumbani, wote wanakaribishwa. Antoni akasema ahsante, basi lake ni la saa nane. Lilikuwa la saa kumi. Alikaa stendi saa tatu nzima na mikono yake katikati ya magoti, na mchuuzi wa karanga alipompita mara ya pili na kumuuliza kama ni mgonjwa, alijibu kwamba hapana, anasafiri.