Mmea Uliolala Dengfeng

Juzi nilirudi Dengfeng, mtaa wa ng'ambo nilikokulia, kununua mzigo, nikapita kuchungulia uani petu pa zamani. Usihangaike kupatafuta, rafiki yangu. Sasa wanauza chaja na kava za simu.

Utotoni mwangu jua halikufika pale, maghorofa yalipabana kila upande. Palinuka tangawizi, samaki mkavu na maji ya kufulia. Hapo kivulini bibi mwenye nyumba alikuza hosta yake kwenye chungu, mmea wenye majani mapana kama sinia, ya bluu iliyofifia, utadhani yamepakwa poda. Aliupenda kuliko wajukuu zake, wala hakuwaficha.

Alipokwenda kijijini kwao kula sikukuu ya mwaka mpya, alimwachia mama autunze. Sasa mama yangu ni mtu wa Moshi, na kwake Jumamosi bila kufuta vumbi si Jumamosi. Alifuta meza, akafuta dirisha, kisha akayageukia majani, moja baada ya jingine. Bluu yote ikabaki kwenye kitambaa. Baridi ilipokaza, majani yakageuka manjano, yakaanguka, yakaoza. Kwenye chungu ukabaki udongo mtupu.

Mama alikosa raha kabisa. Nyumba nyingi zilikuwa zimetukataa kabla ya bibi yule kutupokea na marobota yetu ya nguo, na sasa alituona tukitupwa nje. Bibi aliporudi, mama alikaanga maandazi, akanishika mkono, tukaenda kujisalimisha.

“Laoban, sorry sana, nimeua mmea wako.” Laoban, yaani bosi kwa Kichina, ndivyo tulivyomwita.

Bibi akafukua udongo kwa kidole. Chini yake kulikuwa na ncha nene ya zambarau, ngumu, nzima. Akalaza shavu kiganjani, kutuonyesha kwamba umelala tu. “Mei shi, mei shi,” akasema, hakuna shida. Mama alikaa chini palepale, akacheka huku analia. Nami nikayashambulia maandazi.

Majani mapya yalipofunguka, ya bluu vilevile, mama akatokea na kitambaa chake. Bibi akamchapa mkono. “Bu yao!” Lilikuwa neno lilelile la kukatalia bidhaa sokoni, na mama alilielewa vizuri.

Bibi hayupo tena, wala chungu, na hakuna aliyeweza kuniambia bibi alikwenda wapi na chungu chake. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama mbele ya chaja. Hata salamu hakumaliza.

“Na ule mmea?”

“Baridi imeanza, mama. Umelala.”

Nikamsikia akishusha pumzi.

“Haya. Usije ukaufuta.”