Nati Iliyogoma kwenye Boti ya Baba

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ile nilipoipanda spana ya baba kwa miguu yote miwili. Umenionyesha kwenye simu nati ya propela iliyoganda kwenye boti ya babu yenu mzaa mama, ukaniuliza kama uikate kwa grinda. Umesema una haraka, unataka kaka yako wa Muleba, ambaye hamsemezani, aikute boti inaelea, labda moyo wake utalainika. Leo mimi baba yako mkubwa nimechoka, magoti yananiuma tangu juzi. Lakini kaa hapo nikueleze, maana hili sipendi kulisimulia mara mbili.

Baba yangu na mdogo wake, baba mdogo Kaijage, walinunua pamoja boti ya mbao yenye mashine ya dizeli. Wakagombana juu ya nani awe nahodha. Ndiyo, hicho tu! Wahaya wawili, kila mmoja anajua kuliko mwenzake. Baba mdogo akahamia Goziba, kwenye kambi za wavuvi kule kisiwani, na boti ikavutwa nchi kavu kule kwetu Muleba. Ikakaa miaka saba bila kugusa maji, na miaka hiyo yote wao wawili hawakusalimiana.

Kisha wavuvi wakaleta habari kwamba baba mdogo anaumwa kifua, na anamtaja kaka yake. Kesho yake baba alikwenda Kanazi kwa shangazi, akarudi na kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, akaifunga vizuri kwenye jani kavu la mgomba. Kwetu watu waliokosana hukaa wakatafuna kahawa pamoja, ndipo maneno yanatoka. Halafu akaniita tuitengeneze boti. Boti za abiria zilikuwepo, mwanangu, zilikwenda Goziba kila asubuhi. Yeye alitaka mdogo wake amwone anakuja na boti yao.

Mbao hazikutusumbua sana. Kilichotusumbua ni propela, maana bila kuitoa huwezi kuchomoa shafti, kile chuma kinachoizungusha, ukaisafisha, na nati iliyoishika ilikuwa imeliwa na kutu. Baba akachanganya dizeli na oili, akalowesha kitambaa, akaizungushia. Asubuhi na jioni aliigonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, akaongeza mafuta, akaijaribu kwa spana, kwanza kuikaza kidogo, ndipo kuilegeza. Ikikataa, anaweka spana chini na kwenda zake kupalilia migomba.

"Mafuta yanatembea," aliniambia. "Huyaoni, lakini yanatembea. Yaache yafike."

Mimi nilikuwa nimetoka kusomea ufundi Mwanza, na unatujua sisi tukishasoma. Nshomile mtupu, msomi wa kujidai! Siku ya tano nikaona mzee anachezea muda wakati ndugu yake anakufa. Ilikuwa Jumapili, baba amekwenda misa. Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nikapanda juu yake, nikaruka. Nikaruka tena. Pakalia kitu, ta! Nikafurahi, nikajua imeachia.

Ilikuwa shafti. Ncha yake ilikatika, ikaanguka mchangani ikiwa bado ndani ya nati. "Mawe!" nikapiga kelele, nikimwita mama yangu kama mtoto mdogo, mwanamume mzima mimi.

Baba aliporudi aliiokota, akaigeuzageuza, akaketi kwenye gogo na shati lake la kanisani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Umeumia?" akauliza.

"Hapana, Tata."

"Haya."

Shafti nyingine ikabidi ichongwe Mwanza. Kila siku nilitaka kumwambia baba apande boti ya abiria aende, na kila siku aibu ikanifunga mdomo. Naye hakulisema, alikuwa anasubiri boti yake. Wiki ya nne shafti ikafika. Siku mbili kabla yake zilikuwa zimefika habari za msiba. Tulikwenda kumzika baba mdogo kwa hiyohiyo boti ya abiria. Baba alikaa mbele, kile kifurushi cha kahawa kwenye mfuko wa koti. Alirudi nacho.

Tuliporudi niliichukua ile nati nikaikata kwa msumeno, kwa sababu nilitaka kujua. Ikafunguka. Ndani meno karibu yote yalikuwa yamelowa mafuta, yanang'aa. Yalibaki mawili tu makavu, ya mwisho kabisa. Siku moja zaidi, mwanangu, pengine mbili. Nilikaa chini nikalia, na baba akanikuta hapo.

Aliiokota nusu moja ya ile nati. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichosha. "Wewe umeshindwa kusubiri chuma siku mbili. Mimi nimemsubirisha mdogo wangu miaka saba, na boti zilikuwa zinapita hapa kila asubuhi."

Basi. Boti tuliiuza, hakuna aliyetaka kuipanda.

Kwa hiyo, grinda iweke kando. Changanya dizeli na oili, lowesha kitambaa, gonga taratibu, kaza kidogo ndipo ulegeze, halafu ondoka. Ukiona mkono umeanza kuwa na hasira, weka spana chini siku hiyo. Usiongeze bomba. Hata ikichukua wiki mbili, hiyo nati haiendi popote.

Lakini kaka yako usimsubirishe mpaka boti ielee, nakuomba sana. Yeye si chuma. Kesho asubuhi panda gari uende Muleba, ukamwambie nati imegoma na unahitaji mtu wa kukushikia shafti. Kwenye kabati hapo kuna kahawa, mama yako mkubwa ameikausha juzi. Chukua ya kuwatosha wawili.

Nenda sasa, nijinyooshe kidogo. Mungu akupe mikono mitulivu kwenye chuma na miguu myepesi kwa ndugu yako, na hiyo kahawa usirudi nayo.