Kiraka cha Faiba

Nilikuwa nesi niliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiingia kwa wingi. Zahanati yetu ilikuwa na boti moja ya faiba. Kwa vijiji vya ziwani visivyofikiwa na barabara, hiyo ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa.

Asubuhi moja, tukirudi Bangwe, tulikokuwa tukiegesha boti, tuligonga mwamba. Hakuumia mtu, lakini ubavu wa boti ulipasuka, tukafika ufukweni tukichota maji kwa sufuria. Fundi wa mitumbwi aliitazama, akatikisa kichwa.

"Ingekuwa ya mbao ningeziba nyufa kwa pamba. Hii siijui."

Mama mmoja mkimbizi, mjamzito, aliyekuwa akisubiri pamoja na mumewe kupelekwa kambini, alitusikia tukilalamika kliniki. Kesho yake alikuja na mumewe. Kumbe huko Bujumbura mume huyo alikuwa akiunda boti za aina hiyo.

"Sista, nipatieni kitambaa cha faiba na gundi yake," alisema. "Itapona."

Vyote vilipatikana kwa mfanyabiashara mmoja wa Ujiji. Yule bwana aliusugua ufa kwa msasa, akauacha juani ukauke kabisa, kwa kuwa penye unyevu gundi haishiki. Kisha akachanganya gundi na dawa ya kuigandisha, akapaka, akalaza kitambaa, akapaka tena, tabaka juu ya tabaka. Mimi nilikata vitambaa kwa mkasi wa kliniki. Jioni mikono iliniwasha kama nimeshika upupu.

Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. "Nawa maji baridi, dada, wala usijikune! Huyu wangu amewashwa tangu anioe."

Wiki hiyohiyo tuliitwa kijiji cha kusini, kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Ziwa lilikuwa limechafuka. Nilimshika mkono njia nzima, jicho langu likiwa kwenye kile kiraka. Hakikupitisha hata tone. Alipasuliwa hospitali ya Kigoma, akapata binti, wote wazima.

Nilikwenda kumshukuru fundi wangu, nimebeba jogoo na kitenge cha mkewe. "Urakoze cane," nilimwambia, kwa Kirundi nilichojifunza kliniki. Akacheka lafudhi yangu, kisha akaitazama mikono yake.

"Tangu tukimbie, sista, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nilidhani mikono imesahau."

Lori la kambini liliwachukua siku chache baadaye. Sikuwaona tena, ila katika sala zangu bado wamo.